Shangazi Anajibu: Mnasihi wetu tumpe zawadi gani?

Haya wapenzi wasomaji, toleo lililopita niliwauliza swali dogo tu, nani hapo mtaani kwenu ni mnasihi, yaani mshauri anaewasaidia vijana wa unga (heroini) na wazee wa pombe na mnaona anastahili kuheshimiwa, nikadhani nitapata barua mbili tatu, kumbe nimefungulia bomba. Simu imejaa, imeili imejaa, kuna mmoja kaandika kwa mkono kurasa kibao alafu akazipiga picha moja moja. Majina mliyoyataja sitayachapa na sababu mtaiona huko mbele, ila maswali yaliyokuja na hayo majina ndo yamenifanya nisogeze ile mada ya michango ya harusi hadi mwezi ujao, msinune.

*Shikamoo Shangazi. Sisi ni wazazi, watoto wetu wanakunywa dozi kliniki ya methadoni, ile dawa wanayopewa badala ya unga, hapa Dar. Kuna dada mmoja mnasihi pale Mungu ambariki, mwanangu mimi aliiba mpaka mabati ya choo, mtaani wanamwita teja, lakini yule dada anamwita kaka na cha kwanza anamuuliza umekula? Tumefungua grupu la wasapu tunachanga, tunataka tumnunulie friji na doti za vitenge, tumpelekee palepale kliniki asubuhi na matarumbeta, tumvishe shada na tumrushe mtandaoni dunia imjue. Mwenzetu mmoja katoka kwenye grupu anasema hiyo ni rushwa. Ni rushwa kweli? — Mama Kijana, Dar*

Marahaba mama. Huyo aliyetoka kwenye grupu mrudisheni, hayuko mbali na ukweli. Mtumishi wa umma ana maadili yake ya kazi kuhusu zawadi, friji lenu linaweza kumletea barua ya kujieleza badala ya furaha. Alafu fikiria mama mwenzako ambae hakuwa na cha kuchanga, siku mwanae akiambiwa asubiri zamu atasema eh, sisi si hatukutoa friji. Kitu kinachofanya yule dada apendwe ni kwamba pale ndani hana mtoto wa tajiri wala wa maskini, mkimpa friji mnamharibia hicho hicho.

Na matarumbeta ndo kabisa hapana. Ile foleni ya asubuhi unaijua vizuri kuliko mimi, kuna kijana kavaa kofia imeshuka mpaka puani, kuna boda kaacha abiria kwa mwenzie anywe dozi aondoke, kuna mwingine amepata kazi na mwajiri hajui. Mkija na ngoma na simu zimewashwa mnampongeza mmoja mnawaanika mia.

Fanyeni hivi. Andikeni barua, karatasi kabisa yenye tarehe na sahihi, iende kwa mganga mfawidhi wa hospitali, nakala kwa mganga mkuu wa manispaa, nakala kwa dada mwenyewe. Msiandike "ana roho nzuri", hayo hata mimi naandikiwa na sina roho nzuri. Andikeni alichofanya. Kwamba kijana alipokosa dozi alipiga simu nyumbani siku hiyohiyo, kwamba alikaa na baba mtu mpaka akakubali mtoto arudi kulala ndani, kwamba hajawahi kumfokea mteja mbele za watu. Barua kama hiyo inaingia kwenye faili lake, na siku ya kupandishwa daraja faili ndo linaongea. Mei Mosi ikikaribia idara zinaulizwa mfanyakazi hodari ni nani, na wanasihi wanasahaulika kwa sababu kachumba kao kako nyuma huko, karibu na stoo, anaekumbukwa ni yule anaeonekana kwenye korido kubwa.

Na muandike mkijua kazi yenyewe ni ipi, mana wengi wanadhani ni yule anaemimina dawa dirishani. Muhimbili walipoanza kutoa methadoni 2011, baadae Mwananyamala na Temeke, watu walisema hii ni unga wa serikali. Dawa inashika mwili kama siku nzima hivi, arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, haiji, mtu anaweza kukaa akakusikiliza. Basi. Haimrudishii mke, haimlipi jirani simu yake iliyoibwa, haimfundishi ajibu nini wale wenzie wa maskani wakimpitia jioni. Hayo yote yanafanyika mule chumbani na mnasihi, na kliniki yenyewe haijui Idi wala Krismasi, dozi ni kila siku. Vitenge gaweni wenyewe. Mkiwa na hamu sana ya kulisha mtu, ombeni ruhusa kwa mfawidhi mpeleke pilau la idara nzima, mlinzi na mfagizi wakiwemo.

*Shangazi habari za huko. Mimi niko Minneapolis, nimesoma hapa hapa na nina leseni ya jimbo ya ukaunsela wa pombe na madawa. Kila tarehe 20 Septemba, siku ya wataalamu wa uraibu huku, kazini wanatuletea keki na kadi, na chama cha kitaifa kinatoa tuzo za mwaka. Mama yangu yuko Tanga, nikimwambia nimepewa kadi ya pongezi kwa kukaa na walevi anacheka mpaka anakohoa. Huko nyumbani tunayo siku yetu kama hii? — Kaunsela wa Barafuni, Minnesota*

Mwambie mama asicheke sana, umekaa kwenye jimbo ambalo ndo kama chimbuko la kazi yenyewe. Kwenye miaka ya 50 hospitali ya Willmar hapo Minnesota, ya wagonjwa wa akili, ilikua na wodi ya walevi imefungwa makufuli, akaja daktari anaitwa Nelson Bradley na mwenzie Daniel Anderson wakafungua milango, alafu wakafanya jambo lililowaudhi wengi, wakaajiri walevi walioacha pombe wakae na wagonjwa kama washauri. Mwaka 1954 jimbo likakiweka cheo hicho kwenye orodha rasmi ya ajira zake. Yaani mtu aliyekua analala mtaroni akapewa meza, mshahara na haki ya kukaa kwenye kikao kimoja na daktari na mwanasaikolojia. Mimi nikisikia habari za kuwaheshimu wanasihi nakumbuka hiyo kabla sijakumbuka keki.

Hicho chama chenu cha makaunsela wa uraibu, NAADAC, kilianza mwanzoni mwa miaka ya 70, na rais wake wa kwanza Mel Schulstad alikua rubani wa ndege za mabomu vita kuu ya pili, akaja akawa mlevi, akaacha, akaanza kupigania wanaofanya kazi hii watambulike kama fani. Moja ya tuzo zenu kubwa ina jina lake, nyingine ina jina la Lora Roe na hiyo ni ya kaunsela wa mwaka. Tarehe 20 Septemba mmekua nayo tangu 1992, ndani ya mwezi mzima wa kusherehekea waliopona.

Sisi tuna tarehe 26 Juni, siku ya kupinga madawa ya kulevya duniani, Umoja wa Mataifa waliipitisha 1987. Kila mwaka mgeni rasmi anakuja, bendi inapiga, zinatajwa kilo zilizokamatwa na mashamba ya bangi yaliyofyekwa, na mimi sina neno na kilo, zikamatwe. Ila tembea kwenye mabanda siku hiyo. Mnasihi utamkuta amesimama pembeni na vipeperushi vyake anaeleza mtu mmoja mmoja, jua la saa saba kichwani, na kwenye hotuba anapata sentensi moja, "pia tunawashukuru wadau". Mdau! Mtu amekaa na mwanao miezi na miezi anaitwa mdau. Kwahiyo jibu ni hapana mwanangu, siku yao peke yao hatuna, na kwakweli sina haraka nayo, tukiipata kesho tutaigeuza ya tisheti. Nisingekataa lakini kama 26 Juni mgeni rasmi angeanza na wao, kilo zingefuata baadae.

*Asalaam aleikum Shangazi. Mie mtu wa Unguja, nimekaa soba hausi, nyumba ya kuachia madawa, nikatoka salama na saivi ndo mie nawasimamia wenzangu palepale, miaka sasa sijagusa kitu alhamdulillah. Mkuu wetu kanambia kuna hafla nitapewa tuzo ya mnasihi bora, ila nipande jukwaani nielezee nilivokua nikiiba na nikijidunga, na waweke picha zangu za zamani na za sasa kwenye skrini. Mke wangu ayajua yote, wakwe hawajui. Tena wanataka na vijana wetu walioko ndani tuwapige picha za "kabla na baada". Nende nisende? — Wa Darajani*

Waaleikum salaam. Tuzo nenda. Picha usende nazo.

Nikueleze ninavoona. Hiyo tuzo wanasema ni ya mnasihi bora, kwahiyo ni ya kazi unayofanya leo, sasa mbona wanataka uwaoneshe madhambi ya zamani? Daktari wa meno akipewa tuzo hatuambiwi tumuangalie magego yake yaliyotoboka. Historia yako ni mali yako, unaitoa pale inapomsaidia mtu, umekaa nae wawili usiku wa manane ana arosto anataka kuruka ukuta, hapo ukimwambia hata mie nililala kwenye godoro hilohilo maneno yana uzito. Kwenye skrini ukumbini, watu wanakula sambusa, yanageuka sinema. Wale walioanzisha ule mpango wa hatua 12 za kuacha pombe kule Akron Marekani 1935 walikuja kuweka utaratibu wa kutojitaja majina kwenye magazeti, redio na filamu, na moja ya sababu zake ni hii hii, mtu akishapigiwa makofi kwa kuacha anaanza kuishi kwa ajili ya makofi. Nyie soba hausi mnazifuata hizo hatua, mkumbushe mkuu wako.

Wakwe, uamuzi ni wako na mkeo, lakini wasije wakayajua kwa projekta.

Vijana walioko ndani hapana kabisa na hapo usilegee hata kidogo. Atakwambia wamekubali. Kijana analala kwenu, anakula kwenu, nyumbani kafukuzwa, wewe ndo unaamua kesho anabaki au anatoka, huyo atakukatalia vipi? Ruhusa ya namna hiyo si ruhusa. Na picha ya "baada" ina balaa lake jingine ambalo nalieleza kwenye barua ya mwisho, isome.

Wewe panda, chukua cheo chako, na ukipewa kipaza sauti ongea kazi. Zanzibar nyumba hizi zimeanza 2009, zikiendeshwa na watu waliopita humohumo, wengi wenu hamna mkataba wala bima na mnalala kazini. Waambie inakuaje siku ya pili na ya tatu ya arosto, hapo ndo inapopanda kabisa, mtu anatapika, mifupa inauma, anaharisha, anakutukana mama yako, na wewe unafanya nini. Waambie mnakosa nini. Mgeni rasmi yuko mbele yako na hawezi kuondoka mpaka akupe mkono, hiyo nafasi ina thamani kuliko kombe.

*Sasa Shangazi, niko Mombasa. Mimi nina digrii ya saikolojia na nimejisajili kama sheria inavyotaka, lakini pale rihab yetu kila mwaka kaunsela bora ni yule jamaa aliyekuwa mraibu. Wateja wakija wanamuulizia yeye. Sijui niende nikavute kwanza ndio nitambulike? Nimechoka jameni. — Mwenye Vyeti*

Nimecheka alafu nikajionea aibu, mana uchungu wako ni wa kweli. Umesoma, umelipa ada, Kenya imewawekea sheria ya makaunsela na wanasaikolojia tangu 2014 na wewe umeitii, alafu anaeinuliwa ni mwingine.

Lakini nikuulize, umewahi kukaa kwenye kona ya chumba ukamsikiliza jamaa akifanya kazi? Mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa William Miller na wenzie walitoa utafiti 1980 kuhusu watu wenye shida ya pombe, walikua wanapima mbinu, wakakuta kilichotofautisha sana waliopunguza na wasiopunguza ni mshauri waliempata, yaani yule anaemsikiliza mtu mpaka anamuelewa kwa upande wake mwenyewe wateja wake walifanya vizuri kuliko wa mshauri asiesikiliza, ingawa wote walifundishwa mbinu ileile. Miaka miwili baadae akawa Norway anafundisha vijana wanasaikolojia, wakawa wanamkatiza katiza, mbona umeuliza hivyo, mbona hapo umenyamaza, na kwa kuwajibu ndo akagundua ana njia yake, akaiandika 1983, leo wengi wenu mnafundishwa hiyo. Usibishane na mlevi, muache yeye mwenyewe aseme sababu zake za kubadilika. Hiyo kitu haiko kwenye digrii, wala haiko kwenye kuvuta. Wapo waliovuta hawana, wanaamrisha wateja kama maaskari jela, "mimi niliacha kwa nguvu zangu na wewe acha".

Sasa upande wako. Jamaa akiwa hajasomea kuna vitu atavikosa na vinaua. Mlevi wa pombe kali akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, akaweweseka, akafa, tofauti na arosto ya unga ambayo inatesa ila kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra kuua. Mtu asiejua hilo atamfungia mlevi chumbani aombewe. Mtu aliyenyamaza wiki nzima wengine watasema ametulia, wewe utajua kwamba anawaza kujiua. Huko ndo kwako, na hakuna mteja atakaekuulizia mlangoni kwa kitu ambacho kwa kazi yako hakikumtokea.

Tatizo lenu mimi naliona kwenye hiyo tuzo yenyewe, wanampa anaependwa. Nendeni nyie wawili kwa meneja muombe mambo mawili. Jamaa apelekwe mafunzo, yapo yale ya mtaala wa shirika la kimataifa la Colombo Plan ambao Afrika Mashariki umefundishwa sana, anafanya na mtihani wa wataalamu wa uraibu unaoitwa ICAP anapata cheti kinachotambulika nje, na mshahara wake ufanane na kazi, isiwe nauli na soda kwa kisingizio kwamba yeye ni "rika", mwenzao tu aliyepitia hayohayo. Na tuzo ibadilishwe kigezo, waache kuhesabu makofi na waangalie nani wateja wake wakianguka wanarudi. Hapo unaweza kukuta umeshinda wewe. Mkitaka kwenda mbali zaidi, Kenya mna nishani za taifa na mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kupendekeza jina, sijui kwanini watu wanaziachia wanasiasa na wanariadha.

*Shangazi naomba kwenye hayo majina uliyotumiwa unipe namba ya mmoja, kaka yangu anabeti mpaka kauza kitanda. — Dada Mtu, Morogoro*

Namba ya mtu sitoi. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa uliza idara ya afya ya akili au afisa ustawi wa jamii, na usikubali wakwambie kubeti sio ugonjwa, Shirika la Afya Duniani linautambua. (Wasomaji wa Kenya mna namba ya bure ya NACADA, mamlaka yenu ya kupambana na pombe na madawa, 1192.) Kitanda kimeenda, ficha hati ya kiwanja.

*Shangazi mume wangu ni mnasihi, tuko Mwanza. Mwaka juzi alipewa cheti na saa ya ukutani, tumeitundika sebuleni wageni wanaiona. Lakini simu inaita saa nane usiku, wateja wanamuita baba, watoto wake mwenyewe hawamuoni. Kuna kijana alitoka jela, hata wiki haijaisha akavuta akafa. Tangu hapo mume wangu halali, ukimsemesha unaona hayupo, anarudia tu "ningempigia". Nimwambie aache kazi? — Mke wa Mnasihi*

Pole sana mwanangu, na pole yake zaidi.

Kwanza kuhusu huyo marehemu, mume wako pengine anayajua haya kichwani ila moyo umekataa. Mtu akikaa jela au soba hausi bila kutumia, mwili unasahau. Kipimo alichokua anakivumilia zamani sasa kinamzima pumzi. Wiki za kwanza baada ya kutoka ndo za hatari kupita zote, na inatokea kila nchi, hata kule wenye hela. Ipo dawa inaitwa naloksoni, ukimuwahi mtu aliyezidisha unga inamzindua, lakini anaekua jirani nae lazima awe nayo na ajue kuitumia, na huku kwetu wangapi wanayo? Kwahiyo ile "ningempigia" yake, simu ingeita tu mfukoni mwa mtu ambae mwili wake ulikua umeshabadilika bila yeye kujua.

Usimwambie aache kazi, sio saivi. Ukimwambia akiwa kwenye hali hii ataona na wewe umemuacha. Mwambie aende kwa mkubwa wake aombe vitu ambavyo kwenye fani yake ni haki, sio upendeleo. Kwanza akae na mwenzie aliyemzidi uzoefu wapitie kesi ngumu, hiyo inaitwa usimamizi na kila mnasihi anatakiwa kua nayo mara kwa mara, ila wengi wakimaliza chuo hawaioni tena. Pili simu ya kazi iwe nyingine, ikae kazini, usiku iwe kwa zamu. Tatu likizo, tena likizo ya kuondoka Mwanza, aende kijijini akapalilie. Na kama kutolala kumezidi wiki kadhaa aonwe na daktari kama mgonjwa mwingine yeyote, nae anaruhusiwa kuugua.

Mimi hapa nina ugomvi na wanaotoa hizi tuzo. Kuna pesa ya ukumbi, ya maua, ya saa za ukutani, ya shati la mshereheshaji. Ukiuliza bajeti ya kumlipa mtaalamu aje awasikilize wanasihi mara moja kwa mwezi unaambiwa mfadhili hajaiweka. Mimi ningeuza saa.

*Shangazi hii barua usiweke mji wangu. Mimi nilikua mteja, nikapona, nikawa na kibanda changu cha chipsi. Mnasihi wangu alipopewa tuzo waliniita ukumbini, nikasimamishwa, wakasema "huyu ndie matunda ya kazi yake", watu wakapiga makofi, picha yangu ikabandikwa ofisini. Sasa nimerudia. Mwanzo wikiendi tu, saivi kila siku. Siwezi kwenda kwake, nitamharibia tuzo yake. Juzi nimemuona stendi nikazunguka nyuma ya basi asinione. — Tunda*

Mwanangu, nimeisoma barua yako zaidi ya zote.

Kabla ya yote naomba usitumie peke yako, na usirudi kwenye kipimo cha zamani, umesikia nilivomueleza mke wa mnasihi hapo juu, ulikaa muda mrefu mwili ukiwa safi. Hilo ni la leo, hata kama mengine yote utayapuuza.

Sasa hilo la kumharibia. Taasisi ya Marekani inayotafiti madawa inasema kati ya watu 100 wanaotibiwa uraibu, 40 mpaka 60 hurudia, na wanalinganisha na wagonjwa wa presha na pumu wanaoacha masharti wakazidiwa tena. Mnasihi wako anazijua hizo hesabu tangu chuo. Mgonjwa wa presha ikipanda hajifichi nyuma ya basi daktari wake akipita. Wewe umejificha kwa sababu kuna mtu alikusimamisha ukumbini akakufanya kombe, na kombe haliruhusiwi kuvunjika. Hilo walikukosea wao, wala hukuomba. Na ndio maana nimemkatalia ndugu yangu wa Unguja picha za vijana wake, na ndio maana majina mliyonitumia nimeyafungia kwenye droo mpaka nijue kila mmoja kapendekezwa kwa lipi.

Tuzo yake kama alistahili basi alistahili kwa sababu ni mtu ambae unaweza kurudi kwake ukiwa mchafu. Ukienda hujaiharibu, usipoenda ndo umemnyima kazi yake.

Usingoje uache kwanza ndo uende, hilo ndo kosa la wengi, wanasema nitajisafisha wiki mbili alafu nitaenda vizuri, wiki mbili hazifiki. Nenda hivohivo. Kama unaona aibu ya maneno mtumie meseji usiku huu, "nimerudia, nakuja kesho asubuhi", usiongeze kitu. Ukifika mwambie ukweli unatumia nini na kiasi gani, na ni lini ilianza tena, mana ile wikiendi ya kwanza ina sababu yake na yeye atataka kuijua, mara nyingi ni msiba, ugomvi, au hela ya ghafla. Kama wewe ni wa unga muulize habari ya methadoni, pengine mara ya kwanza hukupita huko. Alafu mwambie ile picha aitoe ukutani. Ni haki yako, sio lazima utoe sababu.

Akikupokea vibaya, na wapo, wanasihi nao ni binadamu wana majivuno yao, usihesabu kwamba mlango umefungwa. Niandikie tena uniambie uko wapi, sitachapa, nikutafutie mwingine kwenye majina yaliyoko kwenye droo yangu. Yule dada wa kliniki ya Dar anaemwita kila mtu kaka na kuuliza umekula, yumo.